Kalima kwenye kaptura: kisa cha bendera za nchi katika mashindano ya kandanda mtaani Nairobi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanaoandaa mashindano, maonyesho na sherehe za shule. Majina ya watu, mtaa, msikiti, kanisa na duka lililochapa yameondolewa.

## Usuli

Mwishoni mwa 2022, wakati Kombe la Dunia likichezwa Qatar, kamati ya vijana ya mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi iliandaa mashindano ya likizo ya Desemba kwa wavulana wasiozidi miaka 17. Ni mtaa wa mchanganyiko. Msikiti na kanisa vinatazamana, na watoto wa pande zote mbili husoma shule moja na kugombania uwanja mmoja. Timu zilikuwa 16, na kila moja ilipewa jina la nchi iliyokuwa Qatar. Majina yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa ndani ya kofia, na kila nahodha akaokota lake.

Tarehe 22 Novemba Saudia ilikuwa imeifunga Argentina mabao 2–1, kwa hiyo manahodha wote walikuwa wakiomba mkono wao uangukie Saudia. Walioipata walishangilia kana kwamba tayari wamechukua kombe. Timu hiyo ilikuwa na Waislamu na Wakristo, na golikipa wake alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa. Irani iliangukia vijana wa upande wa pili wa mtaa.

Kamati ilikuwa na watu saba. Mwenyekiti alikuwa mchezaji wa zamani, katibu mwalimu wa shule ya msingi, mweka hazina mama mwenye duka la jumla. Wawili kati ya saba hao walikuwa Waislamu, lakini hawakuwamo katika kikundi cha watatu kilichotumwa kununua vifaa. Kikundi hicho kiliagiza jezi na kaptura zenye bendera ya kila nchi, mipira ya bei nafuu iliyopambwa kwa bendera zote 32 za Kombe la Dunia, kamba za vibendera vya kutungika, bendera kubwa za kupandishwa kwenye milingoti, na kitambaa kipana chenye bendera 16 cha kutandikwa katikati ya uwanja siku ya ufunguzi, timu zisimame juu yake. Kazi ya kuchapa ilipelekwa kwenye duka moja upande wa River Road. Picha za bendera zilichukuliwa kwenye intaneti na zikachapwa vilevile zilivyo.

## Maandishi yaliyomo kwenye bendera hizo

Kisa hakieleweki bila kujua kilichochapwa, na hapa nitakaa kidogo.

Bendera ya Saudia ni ya kijani, ina upanga, na juu ya upanga imeandikwa shahada nzima: La ilaha illa Allah, Muhammadun rasulu Allah. Hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu, na Muhammad ni mtume wa Mwenyezi Mungu. Hiyo ndiyo kalima. Mtu huitamka anaposilimu, hukumbushwa anapokata roho, na huisikia katika adhana mara tano kwa siku. Sehemu zake zote mbili zimo katika Kurani, ya kwanza katika sura As-Saffat na sura Muhammad, ya pili katika sura Al-Fath, ingawa hazikukutana katika aya moja. Saudia wenyewe huichukulia bendera yao kwa uzito wa maneno hayo. Hushonwa ili maandishi yasomeke sawasawa pande zote mbili, na haishushwi nusu mlingoti hata kwa msiba wa mfalme. Mfalme Abdullah alipofariki Januari 2015, nchi nyingine zilishusha bendera zao, ya Saudia ikabaki juu.

Ya Irani ni ngumu zaidi kuitambua. Bendera hii ya kijani, nyeupe na nyekundu ilipitishwa 1980, mwaka mmoja baada ya mapinduzi. Ukingoni mwa kijani na mwa nyekundu imeandikwa takbira, Allahu Akbar, kwa hati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, mara 11 juu na mara 11 chini. Jumla ni 22, kukumbusha tarehe 22 ya mwezi wa Bahman, yaani 11 Februari 1979, siku mapinduzi yalipofaulu. Asiyejua huona nakshi tu. Alama nyekundu ya katikati, ambayo wengi hudhani ni ua, ni jina la Allah lililochorwa kwa hilali nne na upanga.

Iraki haikuwa Qatar, lakini historia ya bendera yake ilikuja kutusaidia baadaye. Takbira iliwekwa humo mwaka 1991 chini ya Saddam Hussein. Saddam alipoanguka, mwaka 2004 maneno yaliandikwa upya kwa Kufi, na mwaka 2008 nyota tatu za kijani zikaondolewa. Takbira imebaki. Kuna pia Afghanistani, ambayo jamhuri iliyoanguka 2021 na Taliban walioiangusha wote walikuwa na shahada kwenye bendera zao, na Somaliland, yenye shahada kwenye mstari wa kijani tangu 1996. Hii ya mwisho mtu huiona Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, bila kusafiri.

## Mambo yalivyokwenda

Kaptura zilifika katikati ya wiki, siku chache kabla ya ufunguzi. Zilikuwa na bendera iliyochapwa nyuma, chini kidogo ya mkanda. Mama mmoja, mwalimu wa madrasa, alikuwa akimpimia mwanawe alipoona kilichoandikwa. Hakupiga kelele. Aliikunja kaptura, akaifunga kwenye mtandio safi, na jioni akaenda nayo nyumbani kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alinisimulia maneno yake: "Baba, sikuja kugomba. Nimekuja ujue mwanangu ataketi juu ya nini."

Mwenyekiti alimsikiliza, akamwahidi kuwaona wenzake. Kesho yake alfajiri alipata habari ya msiba akasafiri, na hakumwachia mtu yeyote ujumbe huo.

Kaka wa yule kijana aliyepimiwa kaptura hakungoja. Alipiga picha ya kaptura akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kufikia adhuhuri picha ilikuwa imezaa habari mbili zilizokwenda kinyume kabisa. Ya kwanza ilisema kamati imeidhalilisha kalima makusudi. Ya pili ilisema kuna watu wanawavisha watoto bendera za Al-Shabaab.

Hii ya pili nisingependa ipite bila kuelezwa, kwa sababu ndiyo iliyonitia hofu. Al-Shabaab hubeba shahada hiyohiyo kwa herufi nyeupe juu ya kitambaa cheusi. Nairobi imepita mashambulizi yao ya Westgate, Septemba 2013, na DusitD2, Januari 2019, na kati ya hapo Wasomali na Waislamu wa Eastleigh walipita msako wa Aprili 2014, watu wakikusanywa kwa maelfu. Tangu hapo herufi za Kiarabu juu ya kitambaa, rangi yoyote, zinaweza kumtia mtu mashakani mbele ya jirani asiyejua kuzisoma. Naibu wa chifu alipigiwa simu na watu watatu wakati mmoja.

Alasiri vijana kama ishirini walikwenda kwenye stoo ya vifaa wakitaka kuchukua kaptura zote. Mama mweka hazina alisimama mlangoni na wenzake wawili wa sokoni akakataa kufungua. Ndani, katibu alikuwa na wazo lake. Alichukua kalamu nene ya wino mweusi akaanza kuyafuta maandishi, kaptura moja baada ya nyingine. Alikuwa amemaliza mbili wakati kijana mmoja alipomwona kupitia dirishani na kupiga picha ya pili. Katibu ni mtu mwema na nia yake ilikuwa kuondoa tatizo kabla halijaingia usiku. Lakini picha ya mwalimu akiifunika shahada kwa wino mweusi ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoitwa. Nafanya kazi ya usuluhishi mitaani, na mara nyingi hushirikiana na maalim wa msikiti huo na mchungaji wa kanisa lililo mkabala. Tulikubaliana kukutana ukumbini baada ya sala ya alasiri siku iliyofuata: kamati, wazee wa pande zote, manahodha wa Saudia na Irani, yule mama wa madrasa, fundi aliyechapa, na naibu wa chifu.

## Maamuzi na sababu zake

Mwanzo wa kikao watu walikuwa na majibu mawili tu mdomoni. Upande mmoja ulisema hizi ni bendera za nchi, hazina uhusiano na msikiti, na mwenye malalamiko awapelekee Saudia. Upande wa pili ulisema timu za Saudia na Irani ziondolewe. Maalim aliyaweka yote mawili kando akauliza swali lililobadilisha mwendo wa kikao: kila kitu kilichochapwa kitakwenda wapi kuanzia asubuhi mpaka kitakapotupwa? Akataka tukitaje kimoja kimoja.

Tulianza na kaptura, na hapo hapakuwa na ubishi. Kijana ataikalia, ataingia nayo chooni, ataivua aitupe sakafuni. Hata wale waliosema ni bendera tu walinyamaza. Kaptura zikasimamishwa.

Mipira ilifuata. Mpira wa bendera 32 unapigwa teke kwa dakika tisini na kuviringika kwenye tope, kalima ikiwamo. Nilieleza kwamba jambo hili lilikwisha kutokea kwingine. Agosti 2007 wanajeshi wa Marekani waliwagawia watoto wa mkoa wa Khost, Afghanistani, mipira yenye bendera za nchi, ya Saudia ikiwamo. Walidhani wanatoa zawadi. Watu waliandamana na jeshi likaomba radhi. Na 1994, Kombe la Dunia lilipochezwa Marekani, McDonald's walichapa bendera ya Saudia kwenye mifuko ya karatasi ya chakula, mifuko ambayo mwisho wake ni pipa la taka, wakalazimika kuiacha Waislamu walipolalamika. Katika visa vyote viwili hakuna aliyekusudia kutukana, na aliyelalamika hakuwa na chuki na mpira wala chakula.

Jezi za kifuani zilichukua muda mrefu zaidi. Kocha mmoja, Mwislamu mcha Mungu, alisema kifua ni mahali pa heshima na yeye mwenyewe angeivaa. Maalim hakumpinga moja kwa moja. Alikiri kwamba nguo yenye maneno hayo haina hukumu ya msahafu, lakini akamwuliza mchezaji hulala vipi anapokatwa na beki kwenye uwanja wenye matope, na jezi yenye jasho huwekwa wapi baada ya mechi. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa kimya nyuma ya ukumbi akanyanyua mkono.

"Maalim, mimi kanga yangu ina jina la Mungu kwa Kiswahili, nimeifunga kiunoni hivi sasa. Jana niliitandika nikaketi. Na mimi nimekosa?"

Ukumbi uliguna. Lilikuwa swali la haki na watu wengi hawakutaka liulizwe. Maalim alimjibu kwa upole. "Bibi yangu, jina la Mungu ni jina la Mungu, kwa lugha yoyote. Sitakwambia kwamba la Kiarabu lina heshima na letu halina. Ukiniuliza mimi, kanga hiyo ifunge kichwani au kifuani, ya kukalia chukua nyingine. Lakini sitalitumia swali lako kuihalalisha ile kaptura." Bibi akatikisa kichwa, akaifungua kanga yake palepale akaikunja mapajani. Baada ya hapo yule kocha hakuendelea na hoja yake, na jezi za Saudia na Irani nazo zikaondolewa.

Kisha likaja suala la kalamu ya wino. Mtu mmoja aliuliza kwa nini maneno yasifutwe tu, rangi zibaki. Sababu za kukataa zilikuwa mbili. Moja ni ya dini: kuifunika kalima kwa wino mbele ya watu kunaonekana kama kuikana, hata kama aliyefanya hakuwaza hivyo. Ya pili ni ya nchi. Ukiiondoa kalima, bendera ya Saudia haipo tena. Umebaki na kitambaa cha kijani chenye upanga, na huo ni ujumbe mwingine kabisa. Mwezi uleule wa Novemba, shirikisho la soka la Marekani lilionyesha mitandaoni bendera ya Irani bila alama ya katikati, kuwaunga mkono wanawake waliokuwa wakiandamana Irani. Serikali ya Irani ilikasirika, shirikisho lake la soka likasema litalalamika kwa FIFA, na bendera kamili ikarudishwa. Kuondoa neno kwenye bendera ni kauli ya kisiasa, utake usitake. Ndiyo maana niliwakumbusha habari ya Iraki: utawala umepinduliwa, nyota zimetolewa, mwandiko umebadilishwa, na takbira imebaki.

Pendekezo la kuziondoa timu mbili liliuawa na golikipa wa Saudia. Alisimama, mtoto wa kanisa mwenye miaka kumi na sita, akasema: "Wazee, maneno hayo mimi siyasemi, lakini timu ni yangu. Mkitutoa sisi, mtakuwa mmetuadhibu kwa kosa la duka." Mchungaji alikuwa wa kwanza kumuunga mkono.

Ikaamuliwa hivi. Saudia watavaa jezi za kijani tupu zenye jina la nchi kwa herufi nyeupe. Irani watavaa nyeupe zenye jina lao na utepe mwekundu na kijani mikononi. Mipira ibadilishwe kwa mipira isiyo na picha. Kitambaa cha kutandika chini kiachwe. Bendera kubwa zipandishwe kwenye milingoti siku ya ufunguzi, ya Saudia ikiwamo, kwa sababu hapo ndipo mahali pake, zishushwe jioni na kukunjwa. Bendera ya Irani kamati iliamua kutoipandisha, kwa hofu ya siasa za wakati ule. Mimi sikuafikiana na uamuzi huo na nilisema hivyo. Vijana wa Irani walibaki bila kitu juu ya mlingoti ilhali wenzao kumi na watano walikuwa nacho.

Vilivyokwisha kuchapwa vilikuwa na mzigo wao. Maalim alieleza njia zinazokubalika kwa kitu chenye jina la Mungu kisichotumika tena: kuchomwa mahali safi, kuzikwa mahali pasipokanyagwa, au kuoshwa mpaka maandishi yatoweke. Sayidna Uthman, khalifa wa tatu, alichoma nakala za msahafu alipouweka mmoja rasmi, na hakuna aliyemwona amevunja heshima. Chapa ya kisasa haioshwi. Kwa hiyo kila kaptura ilikatwa kipande chenye bendera, pakashonwa kiraka, vipande vikachomwa na majivu yakazikwa uani kwa msikiti. Mipira ilitolewa upepo, ngozi zenye bendera hizo mbili zikakatwa.

## Matokeo

Ufunguzi uliahirishwa kwa wiki moja. Naibu wa chifu alipewa barua fupi ya katibu yenye tafsiri ya maandishi na maelezo ya kila bendera. Aliisoma kwenye baraza, na tangu siku hiyo habari ya Al-Shabaab ilikufa pale mtaani. Mechi zilichezwa bila vurugu. Saudia walifika robo fainali.

Gharama iliuma. Duka la mipira lilikataa kuipokea tena, na jezi mpya zilihitaji fedha ambazo hazikuwapo. Mweka hazina alitoa mfukoni mwake, waumini wa msikiti wakachanga, kanisa nalo likaongeza. Mfadhili mmoja alijitoa akisema hataki jina lake kwenye jambo la dini. Wazazi kadhaa wa Kiislamu hawakuwarudisha watoto wao, hata baada ya maalim kuwatembelea nyumbani.

Na ile picha ya pili, ya kalamu ya wino, iliendelea kuzunguka. Miezi baadaye nilitumiwa na mtu wa mtaa mwingine kabisa, ikiwa na maelezo kwamba ni shule moja ya Mombasa.

## Uchambuzi

Kilichofaa zaidi kuliko chochote ni namna ya yule mama. Alikwenda kwa mwenye mamlaka, faraghani, akiwa na kitu chenyewe mkononi na akiwa amekibeba kwa heshima. Angepata jibu siku ileile, picha isingepigwa. Pengo la karibu siku mbili kati ya malalamiko yake na kikao ndilo lililogharimu karibu kila kitu kilichofuata. Mwenyekiti hakuwa na lawama ya msiba, lakini kamati haikuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko mwenyekiti asipokuwapo.

Swali la maalim lilifaa kwa sababu lilituondoa kwenye mabishano ya kama bendera ni dini au nchi. Bendera ya Saudia ni vyote viwili, na hakuna kikao cha mtaa kitakachovitenganisha. Sisi Wakenya tusiione ajabu. Katiba yetu, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa, na wimbo wetu wa taifa, uliotokana na bembelezo la Wapokomo wa Mto Tana, unaanza kwa kumwita Mungu. Wala desturi hii haikuletwa pwani yetu jana. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba zenye maneno ya kumtegemea Mungu yaliyokwenda kwa vina na jina la mtawala. Sarafu hizo zilipita mikono ya wavuvi na wachuuzi. Tamko la dini kwenye chombo cha dola, likishikwa na watu wa kawaida, ni jambo la kale. Sarafu lakini huhifadhiwa, hufungwa kwenye pindo la nguo. Kaptura hukaliwa. Kwa hiyo hukumu ilitegemea safari ya kitu, na kwa njia hiyo bendera ya mlingotini iliruhusiwa na ile ya mpirani ikakataliwa, wakati ni bendera moja.

Njia hii ina upungufu wake pia. Ilikuwa rahisi kwa Saudia, ambako maandishi yanaonekana. Kwa Irani tulihitaji mtu wa kutuonyesha kwamba nakshi ni takbira na ua ni jina. Bila hivyo tungeondoa kingo, tukaacha alama ya katikati, na kujipongeza.

Uamuzi wa mipira bado unanisumbua. Haukuwa na kasoro ya dini. Lakini uwanja wa jirani kulikuwa na watoto wakicheza kwa mpira wa makaratasi na nailoni, wakatazama mipira mipya ikikatwa kwa kisu. Mjumbe mmoja Mkristo aliniambia jambo hilo lilimuuma kuliko lolote, na sikuwa na neno la kumtuliza. Nadhani tungefanya kazi hiyo uani kwa msikiti, na tungewapa watoto wale mpira mmoja mpya kwanza.

Kikubwa kilichokwama, kwa maoni yangu, kilikuwa duka la kuchapa, na hapa simlaumu mwenye duka. Kijana aliyekuwa kwenye mashine ni Mwislamu. Alituambia ukumbini kwamba aliisoma kalima mara tu picha ilipofunguka kwenye skrini, na moyo ukamwenda mbio alipoona inakwenda kwenye kaptura. Hakusema. Alikuwa kibarua wa miezi miwili, mteja alikuwa na haraka, na aliogopa kwamba akianza kueleza maandishi ya Kiarabu kwa watu asiowajua, watamwuliza yeye amejuaje na anatoka wapi. Hofu ileile iliyompeleka mtu kumpigia simu naibu wa chifu ndiyo iliyomfunga mdomo mtu pekee aliyeweza kuzuia yote kabla wino haujakauka. Kamati nayo ilikuwa na Waislamu wawili ambao hakuna aliyewapelekea sampuli, na msikiti ulitafutwa kama mahakama baada ya kosa, wakati ungetafutwa kama msomaji kabla yake.

Kwa mashindano yaliyofuata, kamati ilibadilisha mambo machache. Sampuli ya kila kitu chenye maandishi hupelekwa kwa watu wawili wanaoweza kuyasoma kabla ya malipo. Bendera hazichapwi tena chini ya kiuno, ya nchi yoyote, na hili liliwafurahisha hata walioona bendera ya Kenya ikikaliwa bila kusema. Duka lile limeweka karatasi ukutani inayowataka wafanyakazi kumwuliza mteja maandishi yanasema nini na yatakwenda wapi. Kijana wa mashine ndiye aliyeiandika.

Mipira ya bendera 32 ingali inauzwa mjini kwa bei ambayo watoto wengi wanaimudu, na kamati haina amri juu ya mpira alioununua mtu mwenyewe. Mtoto akija nao uwanjani, hupewa mwingine wa kuchezea siku hiyo, na wake huwekwa juu ya meza ya kamati mpaka mechi iishe.